Timu yako ikifutwa chuoni Marekani: anza na viza, mbio zije mwisho

Ujumbe wenyewe huwa mfupi: timu nzima ikutane saa nne, kuhudhuria ni lazima. Ukimuuliza kocha ni mkutano wa nini, anasema hata yeye hajui. Ukipata ujumbe wa namna hiyo msimu ukiwa umeisha, na hakuna safari wala sherehe iliyopangwa, kula kwanza, chukua daftari na kalamu, kisha nenda. Huenda ni jambo dogo. Lakini tangu mwaka 2020 vijana wengi wanaokimbia, wanaoogelea na wanaocheza tenisi katika vyuo vya Marekani wameingia mkutano wa aina hiyo wakiwa wanamichezo, wakatoka wakiwa wanafunzi tu.

Mimi ni mmoja wao. Nimezaliwa Nandi, nikafika Marekani kwa miguu, yaani kwa mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na mwaka ule wa korona chuo changu kikaifuta timu. Sitakitaja. Kilinilipia karo hadi nikamaliza, na hasira zilishanitoka. Siku hizi nafanya kazi katika ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo kingine, na simu za watoto wa kwetu hazikatiki: "Dada, timu imefutwa, nifanye nini?"

Haya ndiyo ninayowaambia, na nawaomba wayafuate kwa mpangilio huu. Karibu wote huanza kwa kutafuta timu mpya, halafu skolashipu, na viza wanaikumbuka mambo yakishaharibika. Geuza. Viza kwanza, pesa ya pili, shahada ya tatu, mbio za mwisho. Najua inauma kumwambia mkimbiaji hivyo.

Ndani ya mkutano

Mkurugenzi wa michezo atasoma karatasi iliyoandikwa na wanasheria. Atasema uamuzi ulikuwa mgumu, atawashukuru kwa juhudi zenu, atataja bajeti. Usibishane naye, andika. Sikiliza timu inakufa lini, leo au mwisho wa msimu ujao. Sikiliza ufadhili "utaheshimiwa" hadi lini. Sikiliza pia nani aliyepitisha uamuzi, yeye na rais wa chuo, au bodi ya wadhamini imeshapiga kura. Hilo la bodi utalihitaji kama wenzako watataka kupigana.

Usitie saini kitu chochote siku hiyo. Wakikuletea karatasi ya kuonyesha kwamba umehudhuria, soma mpaka mstari wa chini kabisa.

Sisi tuliambiwa kwa Zoom, na maikrofoni zetu zilikuwa zimezimwa kutoka kwao. Tukaambiwa maswali tuyatume kwa barua pepe. Siku ile niliona ni dharau, na ilikuwa dharau kweli. Ila majibu yaliyokuja yalikuwa na tarehe na jina la aliyeyaandika, nasi tukayatumia mwaka mzima. Kwa hiyo hata kama kwenu watajibu kwa mdomo, jioni ile ile andika barua pepe: "Asante kwa mkutano wa leo. Nimeelewa kwamba ufadhili wangu utaendelea hadi tarehe fulani na unajumuisha hiki na hiki. Tafadhali nisahihishe kama nimekosea." Itume kwa mkurugenzi, kwa ofisi ya kanuni za michezo na kwa ofisi ya misaada ya masomo, wote watatu kwa barua moja.

Hukukosea kitu

Nayasema haya haraka, maana nimewaona watu wakipoteza wiki nzima wakijiuliza kama wangeshika nafasi ya tatu badala ya ya saba. Haingesaidia. Katika vyuo vikubwa pesa huingizwa na futiboli ya Kimarekani na mpira wa vikapu wa wanaume. Timu nyingine karibu zote zinakula bila kuleta. Korona ilipofunga viwanja mwaka 2020, Stanford, chuo tajiri chenye timu 36, kilitangaza kufuta 11. Iowa kilifuta nne, Akron kikafuta mbio za nyika za wanaume, Central Michigan kikafuta riadha ya wanaume.

Kisha ikaja kesi ya House, ya wanamichezo walioishtaki NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo. Tarehe 6 Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 hivi kwa chuo kimoja katika mwaka wa kwanza, juu ya fidia ya dola bilioni 2.8 hivi itakayolipwa kwa miaka kumi kwa waliocheza zamani bila malipo. Sehemu kubwa inakwenda kwa wale wale wa futiboli na vikapu. Ni haki yao, wao ndio wanaojaza viwanja. Lakini milioni ishirini haziokotwi njiani, lazima zitoke kwenye fungu la mtu. Mwezi Machi 2025 Cal Poly kule California ilifuta timu zake za kuogelea, na makubaliano hayo yalikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa.

Makubaliano hayo pia yaliweka kikomo cha wachezaji kwa vyuo vilivyoyakubali. Mbio za nyika ni watu 17, riadha ni 45. Kwa hiyo timu inaweza kuwa hai kabisa, na bado wewe wa kumi na nane ukaitwa ofisini peke yako. Ushauri wangu kwako ni ule ule.

Wavulana wananiuliza mbona ni wao kila mara. Sheria ya Title IX ya mwaka 1972 inavitaka vyuo vinavyopokea pesa za serikali kuwapa wanawake nafasi sawa michezoni, na timu ya futiboli peke yake inaweza kubeba wanaume 105. Mkurugenzi anayetaka kupunguza gharama bila kushtakiwa anaanza na timu ndogo ya wanaume. Kwa maoni yangu, sheria ndiyo inayolaumiwa bure hapo. Ni futiboli inayokula nafasi za wanaume wenzake, ila hakuna mkurugenzi atakayelisema hilo mbele ya wafadhili wake.

Viza

Viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, haijui kama unakimbia. Imefungwa kwenye masomo ya muda wote na fomu yako ya I-20, ile chuo kinayokupa kuthibitisha kwamba umekubaliwa kusoma kwao. Timu ikifa leo saa nne, saa tano bado uko nchini kihalali, na kesho pia, mradi uko darasani. Lichukue hilo ulale nalo usiku wa kwanza.

Kinachowaangusha wetu ni huzuni. Kijana anaacha kwenda darasani, anafuta somo moja kwa sababu akili haitulii, anabaki na krediti tisa. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anatakiwa kuwa na 12 kila muhula. Ukishuka chini ya hapo bila ruhusa ya afisa wa wanafunzi wa kigeni, hadhi yako imekwisha, na hakuna siku za huruma. Zile siku 60 watu wanazozitaja ni za aliyemaliza programu yake. Aliyejiondoa kwa ruhusa ana 15. Aliyevunja masharti hana hata moja. Kama kweli umeelemewa, na watu huelemewa, njoo ofisini kwetu kabla ya kufuta somo. Zipo ruhusa za sababu za kiafya, lakini lazima zitangulie.

Ukiamua kuhama, rekodi yako ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, inahamishwa kwa tarehe unayokubaliana na chuo unachotoka. Ikishafika tarehe hiyo, chuo cha zamani hakiwezi kukusaidia tena. Kwa hiyo usikubali iachiliwe mpaka uwe na barua ya kukubaliwa mkononi na unajua masomo mapya yanaanza lini, maana hayapaswi kuanza zaidi ya miezi mitano baadaye. Chuo kipya kitadai upya ushahidi wa pesa. Wakikupa skolashipu ya nusu, ile nusu nyingine lazima ionekane kwenye karatasi za benki za mtu fulani. Waambie wazazi mapema. Taarifa ya SACCO au ya benki yenye mhuri haipatikani kwa siku moja, na mjomba aliyeahidi kudhamini huwa hapokei simu wiki ya kwanza.

Usipande ndege kwenda kutulia nyumbani kabla hujazungumza na ofisi. Kama viza iliyo kwenye pasipoti imeisha muda, utarudi foleni ya ubalozi Nairobi ukiwa na I-20 ya chuo ambacho timu yake haipo, ukaeleze hayo yote dirishani kwa dakika mbili. Ndugu zetu wa Burundi wana mtihani mkubwa zaidi, kwa kuwa tangu Juni 2025 nchi yao imo katika orodha ya vikwazo vya kuingia Marekani, na viza za wanafunzi zimo. Orodha hizo hubadilika. Uliza wiki unayotaka kusafiri, usitegemee jibu la mwaka jana.

Na kazi. Unaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Maktaba, jikoni, ofisi ya posta, popote pale. Atatokea mtu wa nyumbani, mwenye nia njema kabisa, akwambie kuna kazi ya kutunza wazee inayolipwa taslimu na hakuna atakayejua. Mshukuru, kula ugali wake, kisha ukatae.

Pesa

Toa ile barua ya ufadhili uliyoitia saini ukiwa na furaha. Tafuta ni ya mwaka mmoja au ya miaka mingi. Kwa kanuni za NCAA, ndani ya kipindi kilichoandikwa hawawezi kukupunguzia kwa sababu za kimichezo. Kipindi kikiisha, ni habari nyingine. Vyuo vingi vinapofuta timu husema vitaendelea kulipa hadi mwanafunzi ahitimu, na vingi hutimiza. Shida iko kwenye neno "hadi ahitimu" lisilofafanuliwa: kwa ofisi ya michezo linaweza kuwa mihula minane, na wewe unasomea uhandisi wa miaka mitano.

Uliza kila kitu kwa jina lake. Karo, chumba, chakula, vitabu, masomo ya kiangazi, bima ya afya. Barua yetu ya kwanza ilisema "ufadhili kamili". Tulipouliza, chakula cha kiangazi hakimo, na wakati wa kiangazi mabweni mengine hufungwa, ukajikuta na masanduku mawili na huna pa kulala. Tulipoandika barua kwa pamoja, chumba kikaongezwa. Chakula hakikuongezwa.

Bima niielezee kidogo, kwa sababu hakuna anayeifikiria. Mwenzangu mmoja alikuwa na ufa kwenye mfupa wa ugoko timu ilipofutwa. Daktari wa timu, mtaalamu wa viungo, mashine ya kukimbilia ndani ya maji, vyote vilikuwa vya idara ya michezo. Kama una jeraha ulilolipata ukiwavalia jezi, dai matibabu yake kwa maandishi sasa, na uchukue faili lako lote la matibabu, pamoja na picha za eksirei, kabla wahudumu hawajaondoka. Nao wanatafuta kazi. Hawatakuwepo mwezi ujao wa kukutafutia.

Na kama GPA yako, yaani wastani wa alama, ni nzuri, nenda mwenyewe ofisi ya misaada ya masomo ukaulizie fedha za kitaaluma. Wakimbiaji wetu wengi hawajawahi kuingia mlango ule, kwa kuwa kocha ndiye aliyekuwa akishughulikia kila kitu.

Kubaki au kuhama

Omba kwa mshauri wako wa masomo karatasi inayoonyesha krediti ulizonazo na zilizobaki. Peleka karatasi hiyo kwa kila chuo kinachokutaka, uwaulize kwa maandishi zipi watazipokea na zipi zitahesabiwa kwenye shahada yenyewe. Hayo ni maswali mawili. Chuo kinaweza kupokea krediti 70 na kuhesabu 45, nyingine zikakaa kwenye transkripti, yaani rekodi ya masomo yako, kama pambo. Vyuo vingi pia vinakutaka usome kwao kiasi fulani kabla hawajakupa cheti chao. Wauguzi ndio wanaoumia zaidi, maana masomo ya wodini hayahami kirahisi, na mabinti wetu wengi wako huko.

Kanuni za Division I, daraja la juu la NCAA, nazo zinataka uwe umemaliza asilimia 40 ya shahada kabla ya mwaka wa tatu, 60 kabla ya wa nne, na 80 kabla ya wa tano. Ukihama na kubadilisha shahada, asilimia zinahesabiwa upya kwa shahada mpya. Nimeona kijana mwenye muda mzuri wa mita 10,000 amekaa msimu mzima jukwaani kwa ajili ya hesabu hiyo.

Halafu kuna saa ya miaka mitano. Una misimu minne ya kushindana ndani ya miaka mitano, na saa inaanza kugonga siku uliyojiandikisha muda wote katika chuo chochote duniani. Kama ulisoma muhula mmoja Moi au Chuo Kikuu cha Eldoret kabla ya kuondoka, saa ilianzia huko. Usiifiche. Transkripti ya Kenya huja kujulikana.

Mimi nilibaki. Nilikuwa mwaka wa tatu wa uhasibu, nimebakiza kidogo, na kuhama kungenipotezea mwaka mzima kwa ajili ya misimu miwili ya kuruka maji. Rafiki yangu wa mwaka wa kwanza alihama, na alifanya vizuri. Ukiwa mwaka wa kwanza au wa pili, hama kama una pa kwenda. Ukiwa wa nne, maliza. Mwaka wa tatu ndio wenye kazi, na hapo karatasi ya krediti ikusemee kuliko moyo.

Sasa mbio

Iandikie ofisi ya kanuni uombe jina lako liingizwe kwenye portali ya uhamisho, orodha ya mtandaoni ya wanamichezo wanaotaka kuhama. Ukishaomba kwa maandishi, wana siku mbili za kazi kuliingiza. Kwa kawaida portali ina vipindi vyake, lakini timu iliyofutwa ina ruhusa zake za pekee, kwa hiyo waulize kuhusu hizo kwa jina: timu imefutwa, kanuni zinanipa nini? Waulize pia kama kuingia portali kunagusa ufadhili wako wa sasa. Hilo liulize kabla, usilijue baada ya jina kuingia.

Barua kwa makocha iwe fupi. Kichwa cha habari kibebe kila kitu: tukio, muda bora, misimu iliyobaki, GPA, unaweza kuanza lini. Kitu kama "Mita 3,000 viunzi na maji, 10:21, misimu miwili, GPA 3.4, Agosti". Ndani weka kiungo cha matokeo yako kwenye TFRRS, tovuti ya matokeo ya riadha ya vyuo, sema timu imefutwa na si wewe uliyeondolewa, weka namba ya simu ya kocha wako wa sasa na ya yule aliyekulea nyumbani. Muda wa Eldoret uandike kama ulivyo na useme ulikimbiwa mita 2,100 juu ya bahari. Usiugeuze mwenyewe kuwa wa pwani, kocha ana hesabu yake na hapendi ya kwako. Habari ya kukimbia peku kwenda shule iache. Wameisoma mara nyingi mno, na wewe labda ulipanda matatu.

Usiangalie majina makubwa tu. Division II, daraja la pili, inatoa skolashipu, na vyuo kama Adams State pale Alamosa, Colorado, mita 2,300 juu ya bahari, vinajua mbio za nyika kuliko vingi vya juu yao. NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, nayo inatoa. Division III haitoi skolashipu ya michezo hata kidogo, na hapo kuna mtego mpya: Saint Francis ya Pennsylvania ilitangaza Machi 2025 kwamba inahamia Division III. Hapo jezi na mashindano vinabaki, ila mwanamichezo mpya hana tena skolashipu ya mchezo.

Warusha mkuki, watupa tufe na warukaji, ninyi fanyeni haraka zaidi. Washington State, chuo alichokuwa akisoma Henry Rono mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia kwa siku 81, kilitangaza Juni 2025 kwamba kinaacha mashindano ya kurusha na kuruka, kinapunguza mbio fupi, na kubakiza mbio ndefu. Mbio ndefu ni rahisi kuendesha: viatu, barabara na basi. Na mkimbiaji mmoja anakihesabia chuo timu tatu, yaani nyika, riadha ya ndani na riadha ya nje. Ndiyo maana sisi wa masafa marefu tuna kinga kidogo ambayo mrukaji hana.

Na wakala anayetaka asilimia ya skolashipu yako, mkatie simu.

Wenzako wakitaka kupigana

Inawezekana kushinda. Brown kilirudisha riadha ya wanaume ndani ya wiki mbili mwaka 2020, baada ya wanariadha na wahitimu kuonyesha kwamba uamuzi ule ulikuwa unawaondoa wanafunzi weusi. William & Mary kilirudisha timu zote saba. Dartmouth kilirudisha tano Januari 2021. Clemson kilirudisha riadha ya wanaume Aprili 2021, Stanford kikarudisha zote 11 mwezi uliofuata. Iowa, waogeleaji wa kike walishtaki na timu yao ikarudi, ile ya wanaume haikurudi. Cal Poly waliambiwa wachange mamilioni ya dola, wakachanga kweli, wasifike.

Ukiziangalia kesi hizo, utaona timu zilirudishwa na Title IX mikononi mwa mwanasheria, au na wahitimu wenye pesa na majina. Saini za mtandaoni zilisaidia magazeti kupata habari, basi. Kwa hiyo mkiwa na timu ya wanawake, tafuteni mwanasheria wiki ya kwanza. Hesabu ya kumpelekea ni rahisi: wanawake ni asilimia ngapi ya wanafunzi wote, na asilimia ngapi ya wanamichezo. Pengo likiwa kubwa, chuo kina wasiwasi kuliko ninyi.

Wewe mwenye F-1 una haki ya kusema, kutoa ushahidi, kutoa nambari. Mimi ningewaacha wenye pasipoti ya pale wasimame mbele ya kamera. Si ushujaa, najua. Nawe usisimamishe uhamisho wako kwa kungoja kesi. Jipangie tarehe. Timu ikirudi kabla ya hapo, vema. Isiporudi, umeshaondoka.

Simu ya nyumbani

Piga wewe, siku ile ile, kabla mtu wa Iten hajaliona Facebook. Sentensi ya kwanza iwe: "Mama, bado niko chuoni na karo imelipwa." Kisha ndiyo ueleze. Ukianza na timu, hawatasikia yanayofuata. Watasikia mtoto amefukuzwa, na jioni kijiji kizima kitakuwa kinajua umefanya nini, ingawa hujafanya.

Mzee wangu aliuliza kitu kimoja tu: "Mbio zinafutwaje? Watu wameacha kukimbia huko?" Nikajaribu kumweleza habari za bajeti ya futiboli. Akanyamaza kidogo, akasema kumbe na huko kuna watu wanaokula hela za wengine.

Kama nauli yako ilitoka kwa harambee, mpigie mwenyekiti wa kamati pia, usimwachie mama aende kueleza mbele ya kanisa. Mweleze shahada inaendelea, utamaliza mwaka gani. Watu wale walichangia mtoto wa kwao asome. Na mpigie kocha wa nyumbani. Makocha wa Marekani wanaotafuta wakimbiaji humpigia yeye kabla hawajafungua barua yako.

Kwa ambao bado mko nyumbani

Kabla ya kutia saini, fungua tovuti ya michezo ya chuo uhesabu timu. Chuo cha ngazi ya juu ya futiboli lazima kiwe na timu zisizopungua 16. Chenye 16 au 17 kitaogopa kukugusa, hasa ukikumbuka mkimbiaji anahesabiwa mara tatu. Chenye 22 kina nafasi ya kupunguza. Angalia kama timu ya wanaume ina mbio za nyika, za ndani na za nje, zote tatu. Chuo kilichoshafuta moja kimeshajua njia. Soma habari za mwaka mmoja nyuma: kocha ameondoka na nafasi yake haijajazwa? Uwanja umeahidiwa kukarabatiwa na haujaguswa?

Kisha muulize kocha anayekutaka. Kwake mnaweza kuzungumza WhatsApp, na atakuwa mchangamfu, atakutumia picha za theluji na jezi yenye jina lako. Mwombe haya kwa barua pepe ya chuo: ufadhili ni wa mwaka mmoja au minne, chuo kimekubali makubaliano ya House au la, kikosi kina nafasi ngapi na mimi ni wa ngapi, na mchezo huu ukifutwa nikiwa mwaka wa pili, nani atalipa karo yangu hadi nihitimu. Akijibu la mwisho kwa sauti iliyorekodiwa, mwambie simu yako haishiki sauti vizuri, akuandikie.